Tarehe Mbili

Bwana Mwaringa, fomu yako ina nafasi moja:
"Tarehe ya kujifungua."
Nimeandika. Tarehe tatu Mei.
Sasa nionyeshe pa kuandika ile ya pili.

Mimi ni mpakiaji, namba mia moja na kumi na nne,
meza ya karibu na mlango.
Miaka sita nimepima chumvi ya Gongoni
hadi mkono wangu umekuwa mzani:
pakiti ikipungua kijiko, kiganja kinajua.
Basi siku ile, hospitali ya Malindi,
nesi aliponiwekea mwanangu mikononi, dakika moja tu,
mpira puani, soksi kichwani badala ya kofia,
kiganja kilijua kabla ya karatasi.
Kilo moja. Na kijiko.

Miezi saba kasoro. Hakulia, sauti ilikwaruza tu.
Wakamtia kwenye sanduku la kioo
na saa ya likizo yangu ikaanza kutembea
papo hapo, nje ya kioo.

Siku tisini, mnasema. Nyingi, mnasema.
Kumi na moja za kwanza nilimgusa kupitia tundu
linalopitisha mkono mmoja, ulionawa hadi kiwikoni.
Ya kumi na mbili akageuka manjano,
akalazwa chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa
kama mtu asiyetakiwa kuiona bili.
Kila saa tatu nilikamua maziwa kwenye kikombe:
mililita tano, nane, siku moja ishirini!
Nilitaka kupiga kigelegele,
lakini upande wa pili mama Kwekwe alikuwa akikunja shuka za mwanawe
na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Hizo pia mliziita likizo.
Nililala kwenye benchi la korido, leso moja chini, moja juu.

Fondo wangu ni kibarua wa mjengo,
asipopanda jukwaa halipwi.
Alikuja Jumapili, sementi kwenye kope,
wakamfunga mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi,
akasinzia ameketi. Nesi alikataa kumwamsha.
Wiki ya sita hakuja. Si moyo. Nauli.

Siku ya sitini na tatu mzani ukasema kilo mbili na robo.
Tukatoka. Jua lilimpiga usoni mara ya kwanza
akapiga chafya.
Hiyo ndiyo tarehe ya pili, Bwana Mwaringa.
Siku hiyo nilizaa.
Ile ya kwanza tulipokonywana tu.

Ukasema zimebaki ishirini na saba.
Ukasema kampuni ina huruma,
ila huruma haina safu kwenye kitabu cha mishahara.
Ukasema naweza kuongeza, bila malipo.
Na kitambulisho cha Fondo bado kiko hospitali,
kimewekwa rehani kwa nusu ya bili.

Nimerudi, kama ulivyotaka.
Saa nne kamili maziwa yanashuka yenyewe,
ovaroli inalowa miduara miwili,
wenzangu wanasogea kunikinga na macho ya msimamizi.
Nyevu yuko Marereni kwa bibi yake, anakunywa kwa kijiko.

Juzi Dzidza wa meza ya tatu alipitisha karatasi chini kwa chini:
kila mmoja anitolee siku moja ya likizo yake.
Kumi na tisa walitia sahihi, wawili dole gumba.
Uliirudisha. Siku si chumvi, ulisema,
haimwagwi gunia hadi gunia.
Sawa.

Leo sikuleta kilio, nimeleta kalamu.
Chini ya fomu, pale muhuri wako unapokaa,
nimejichorea mstari wangu:
"Tarehe ya kufika nyumbani: tano Julai."
Muhuri ukitaka kukaa hapo
itabidi ukae juu yake.

Niruhusu sasa.
Ni saa nne, na kifua kimeshaanza.